Unalipia Mbps 200 lakini unapata 94? Huenda tatizo ni waya, swichi au ruta yako

Fundi wa faiba ameshaondoka. Kifurushi kipya cha Mbps 200 kimewashwa, na laptopu umeichomeka kwa waya kabisa ili Wi-Fi isilete visingizio. Unapima kasi: 94. Unapima tena: 93. Unasubiri usiku wa manane mtaa mzima umelala, unapima mara ya tatu. 94 ile ile.

Wengi wakifika hapa hupiga simu huduma kwa wateja na kuanza kulalamika. Wengine hupandisha kifurushi, wanaongeza hela kila mwezi, na namba bado haisogei. Kumbe hiyo 94 ina maana yake.

Kasi inayopanda na kushuka inaweza kuwa na sababu nyingi: kampuni imezidiwa wateja, seva ya mbali imelemewa, au mtu wa chumba cha pili anapakua gemu. Lakini kasi inayogota 94 au 95 kila saa, kila siku, inakuambia kuwa mahali fulani ndani ya nyumba kuna kipande kinachofanya kazi kwa kiwango cha zamani cha Mbps 100. Zile tano au sita zinazopungua hazijaibwa na mtu. Ni nafasi inayochukuliwa na taarifa za kusafirishia data yenyewe, kama uzito wa gunia unavyohesabiwa pamoja na mchele.

Kwa mtu anayeangalia filamu tu, 94 inamtosha na chenji inabaki. Kwa anayefanya kazi nyumbani hali ni nyingine. Faili la GB 10 kwa kasi ya 94 linachukua kama dakika 14. Kwa 190 ni dakika 7. Ukiwa unavuta mafaili kama hayo kila siku, hizo dakika unazilipia bila kuzipata.

Tafuta kinachokwamisha kabla ya kwenda dukani

Intaneti ya faiba inaingia nyumbani kupitia kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita ONT. Kutoka hapo inakwenda kwenye ruta, mara nyingine swichi, kisha waya, kisha kompyuta au TV. Kila vifaa viwili vinavyounganishwa kwa waya hukubaliana kasi vyenyewe: vinachagua ile kubwa ambayo vyote viwili vinaiweza na waya wa katikati unaihimili. Kipande kimoja kikiwa cha Mbps 100, vyote vilivyo nyuma yake vinapata hiyo hiyo, hata kama vilinunuliwa kwa bei gani.

Kwa hiyo usianze kununua. Chukua laptopu na waya mfupi unaouamini, zima Wi-Fi, chomeka moja kwa moja kwenye ONT na upime. Kama ONT yenu haitoi intaneti bila ruta, anzia kwenye ruta. Kisha rudi nyuma hatua moja moja: ruta, halafu swichi, halafu ule waya mrefu unaokwenda chumbani. Mahali ambapo namba inaanguka kutoka 190 hadi 94, hapo hapo ndipo penye mchawi.

Kuna njia ya haraka zaidi kwa wenye Windows 10 au 11. Fungua mipangilio ya mtandao, ingia sehemu ya Etheneti, tafuta mstari unaotaja kasi ya muunganisho. Ukiona 1000/1000 waya huo uko vizuri. Ukiona 100/100 umeshapata jibu, hata kabla ya kupima intaneti yenyewe.

Jambo moja la kuangalia mapema ni laptopu. Nyingi za kisasa ni nyembamba na hazina tundu la waya, hivyo watu hutumia adapta ya USB. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi ni za Mbps 100 tu. Hata iliyoandikwa gigabiti, kama ni ya USB 2.0, haiwezi kufika mbali kwa sababu USB 2.0 yenyewe mwisho wake ni Mbps 480, na kwa matumizi halisi inaishia chini ya hapo. Tafuta ya gigabiti inayotumia USB 3.0. Mtu anaweza kubadilisha nyaya za nyumba nzima kumbe tatizo lilikuwa kadude ka kwenye mkoba.

Waya: hapa ndipo watu wanapigwa

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta, Kariakoo au mtaa wowote, utaulizwa unataka Cat5e au Cat6. Swali zuri, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: ndani ya huo waya kuna shaba au kuna aluminiamu?

Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Katika waya halali wa Cat5e au Cat6 nyuzi hizo ni shaba tupu. Lakini sokoni umejaa waya ambao nyuzi zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, unaojulikana kwa kifupi CCA. Kwa macho unafanana kabisa na ule halali. Unang'aa kishaba, umeandikwa Cat6 ubavuni, na bei yake inavutia. Viwango vya kimataifa vya Cat5e na Cat6 vinataka shaba, kwa hiyo waya wa CCA hauna haki ya kubeba jina hilo, hata uandikwe kwa herufi kubwa kiasi gani.

Ubaya wake ni upi? Aluminiamu inapitisha umeme kwa ugumu kuliko shaba, hivyo mawimbi yanadhoofika zaidi kwenye umbali mrefu. Inakatika ukiikunja mara chache. Sehemu zilizobanwa kwenye kichwa cha RJ45 zinaweza kulegea au kupata kutu baada ya muda, na hapo unaanza kuona mtandao unaokatika bila sababu. Ikiwa waya huo huo unatumika kupeleka umeme kwa kamera za ulinzi, unapata joto kuliko unavyopaswa. Kwenye waya wa mita mbili unaweza usione tofauti. Kwenye mita 40 zilizozikwa ukutani utaiona, na utakuwa umeshapiga lipu.

Namna ya kuutambua ni rahisi, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Omba kipande, kata, vua ganda, kisha kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. CCA inaonyesha rangi ya fedha chini ya ngozi nyembamba ya shaba. Kunja uzi mbele na nyuma mara kadhaa. Wa aluminiamu hukatika upesi. Boksi zima la mita 305 la CCA pia ni jepesi ukilinganisha na la shaba, na mafundi wazoefu huwa wananyanyua tu wanajua. Angalia na maandishi ya boksi: wengine huandika CCA wazi kabisa, ila kwa herufi ndogo pembeni.

Ukishahakikisha ni shaba, sasa swali la Cat5e au Cat6 ni jepesi. Cat5e inabeba gigabiti 1 hadi mita 100, na hata gigabiti 2.5 kwa umbali huo huo. Kama nyumba ina Cat5e nzuri tayari, hakuna sababu ya kuing'oa. Kama unaanza upya, weka Cat6, maana kazi ya kupitisha ndiyo ghali kuliko waya, na Cat6 inaweza kubeba gigabiti 10 kwa umbali mfupi, kama mita 55 katika mazingira mazuri. Cat8 waachie wenye vituo vya data. Imetengenezwa kwa umbali wa mita 30 hivi, kwa kasi ambazo hakuna kifurushi cha kawaida cha nyumbani kitakachokupa leo, na waya wake ni mnene, mgumu kukunja kwenye kona. Ule mwembamba bapa unaouzwa mtandaoni kwa jina hilo ni jambo lingine kabisa, ambalo halihitaji kuzungumziwa sana.

Waya wa zamani wa Cat5, usio na ile "e", unaweza kuwa umeandikwa ubavuni. Ukiukuta kwenye nyumba uliyohamia, upime kwanza kabla ya kuuhukumu. Kwa mita chache huwa unapeleka gigabiti bila shida.

Kichwa kilichobanwa vibaya

Kasi ya Mbps 100 hutumia jozi mbili tu kati ya zile nne. Gigabiti inazitaka zote nne. Hii ndiyo sababu waya wenye uzi mmoja uliokatika au ambao haukugusa pini unaweza "kufanya kazi vizuri" miaka mitano bila mtu kushtuka: vifaa vinaona jozi zimepungua, vinashuka hadi 100 na maisha yanaendelea. Siku unapandisha kifurushi ndipo ukweli unatoka.

Pia wapo mafundi waliozoea kutumia nyuzi nne kwa kompyuta moja na nne zilizobaki kwa kompyuta nyingine, ili waya mmoja uhudumie wawili. Ulikuwa ujanja wa kuokoa hela zamani. Kwa gigabiti haufai.

Kabla ya kununua waya mpya, kwa hiyo, kata vichwa vyote viwili na ubane vipya. Mpangilio wa rangi uwe mmoja pande zote mbili, na ule unaotumika sana ni T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usisokotoe nyuzi kwa urefu kuliko inavyohitajika. Sentimita moja na kidogo inatosha. Msokoto ule una kazi yake: ndio unaozuia jozi moja isiingiliane na nyingine. Na ganda la nje liingie ndani ya kichwa kabla ya kubana, sio nyuzi zibaki zinaning'inia nje kama masharubu.

Kuna kipimo kidogo chenye taa nane ambacho mafundi wengi wanacho. Kinakuambia kama kila uzi umefika upande wa pili na kama mpangilio uko sawa. Hakikuambii ubora wa waya. CCA inaweza kupita mtihani huo bila wasiwasi.

Swichi na ruta: soma herufi, siyo boksi

Boksi la ruta hujaa namba za Wi-Fi. Utaona AC1200, AX1500, na kadhalika. Namba hizo ni jumla ya kasi za redio kwa hesabu za karatasini, na hazisemi chochote kuhusu matundu ya waya, au poti kama mafundi wanavyoyaita. Mfano mzuri ni wa TP-Link: Archer C50 na Archer C6 zote zimeuzwa kama AC1200, lakini poti za C50 ni za Mbps 100 na za C6 ni za gigabiti. Mtu akinunua kwa kuangalia namba kubwa ya mbele tu, anaweza kutoka dukani na ile itakayomfunga kwenye 94 milele.

Unachotafuta kwenye maelezo ya nyuma ya boksi ni 10/100/1000. Ukiona 10/100 imeishia hapo, rudisha kwenye shelfu. Na hakikisha ni poti zote, pamoja na ile inayopokea intaneti, ambayo kwa kawaida ina rangi tofauti au imeandikwa WAN.

Kwa swichi, herufi moja inatosha. TP-Link TL-SF1005D ni ya Mbps 100, TL-SG1005D ni ya gigabiti. LS1005 ni 100, LS1005G ni gigabiti. Kwa D-Link, jina linaloanza na DES ni 100 na linaloanza na DGS ni gigabiti. Zinafanana umbo, zinakaa rafu moja, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote kati yake kwa sababu uliomba "swichi ya poti tano".

Kwenye soko la mtumba kuna mtego wake. Swichi za ofisini kutoka Ulaya huuzwa kwa bei nzuri, na jina la Cisco linamfanya mtu aamini amepata mali. Nyingine ni mali kweli. Lakini Catalyst 2960-24TT-L, kwa mfano, ina poti 24 za Mbps 100 na mbili tu za gigabiti. Halafu kuna feni. Kifaa kilichotengenezwa kukaa chumba cha seva kinaweza kuunguruma usiku kucha sebuleni.

Usisahau ONT yenyewe. Zipo ambazo poti moja tu ni ya gigabiti na tatu zilizobaki ni za 100. Kama fundi alichomeka waya wako kwenye mojawapo ya hizo tatu, suluhisho ni kuuhamisha, na halina gharama. Zote zikiwa za 100 na kifurushi chako ni zaidi ya hapo, hapo una haki ya kuwaomba kampuni wabadilishe kisanduku, na una namba za kuwaonyesha. Sema wazi: "Nimepima kwa waya kwenye ONT yenyewe, muunganisho unasoma 100." Mazungumzo hayo huenda haraka kuliko "intaneti iko slow".

Kuna ruta chache ambazo poti zake ni za gigabiti lakini ubongo wake ni mdogo. Kwa matumizi ya kawaida zinakwenda vizuri, ila ukiwasha VPN ndani ya ruta au kugawa kasi kwa kila mtu, zinapumua kwa shida. Kabla ya kuilaumu, zima hizo huduma na upime tena.

Kwa wasomaji wa Kenya wanaotumia Starlink, ambayo ilianza kutoa huduma huko Julai 2023: ruta ya kizazi cha tatu ina poti mbili za waya chini ya kifuniko cha nyuma. Ile ya kizazi cha pili iliyokuja na sahani ya mstatili inayojizungusha yenyewe haina hata moja, na inahitaji adapta yake maalumu.

Nani hahitaji kubadilisha kitu

TV. Televisheni nyingi, hata za 4K, zina poti ya Mbps 100 tu, na Netflix inasema Mbps 15 zinatosha kuonyesha 4K. Usihangaike nayo. Kamera za ulinzi hali kadhalika. Printa ndiyo kabisa.

Na aliye kwenye kifurushi cha Mbps 20 au 50 hatapata intaneti ya kasi zaidi kwa kununua swichi ya gigabiti. Atafaidika pale tu anapohamisha mafaili kati ya kompyuta mbili za ndani. Vifaa vya gigabiti 2.5 navyo vimeanza kuonekana madukani. Vina maana kwa mwenye kifurushi kinachozidi gigabiti 1 au anayehifadhi video nyingi kwenye seva ya nyumbani. Wengine wanaweza kusubiri bei zishuke.

Kama bado unajenga

Wengi hujenga kidogo kidogo, na hii kwa mtandao ni bahati. Fundi umeme anapochana ukuta kuweka paipu za swichi na soketi, mwambie aweke na paipu ya pili kwa ajili ya mtandao, isiyochangia njia na umeme. Nyaya za mtandao zikilala sambamba na za umeme kwa urefu mrefu zinaweza kupata usumbufu, na kuziweka paipu moja ni hatari. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

Hata kama hela ya waya haipo sasa, weka paipu tupu na uzi wa kuvutia ndani yake. Peleka nyuzi mbili kwa kila chumba muhimu, sio moja. Moja ikiharibika hutapasua ukuta. Weka pia mwisho mmoja juu ya dari katikati ya nyumba, kwa ajili ya Wi-Fi ya baadaye. Juu ya dari tumia paipu, maana kuna joto la bati na kuna panya, na panya hachagui Cat5e wala Cat6.

Aliyepanga atumie mfereji wa plastiki unaobandikwa ukingoni mwa sakafu. Ni hivyo hivyo tu, na siku ya kuhama anauondoa.

Kwenye kiwanja chenye nyumba mbili, nyumba kubwa na ya uani, usivute waya wa shaba hewani. Mwisho wake ni mita 100, lakini hilo ndilo tatizo dogo. Kubwa ni radi: waya wa nje unaweza kuleta umeme wa ghafla ndani na kuunguza poti pande zote mbili, mara nyingine pamoja na kompyuta. Kati ya majengo pitisha faiba na vigeuzi vyake viwili. Faiba haipitishi umeme.

Umeme ukikatika

ONT, ruta na swichi zote zinahitaji kuwaka ili mtandao uwepo. UPS ndogo za ruta zinazouzwa sasa hutoa volti 5, 9 na 12, na zinaweza kubeba vifaa viwili au vitatu kwa muda wa kumaliza kikao au kutuma faili. Soma kwanza lebo chini ya kila kifaa. ONT na ruta nyingi hutumia volti 12, swichi ndogo nyingi ni volti 5 au 9, na vichwa vya kuchomekea mara nyingi vinaingiliana. Swichi ya volti 5 ikichomekwa kwenye tundu la 12 inaweza kufa papo hapo. Bandika kipande cha selotepu kwenye kila waya, andika namba yake, hasa kama ndani ya nyumba kuna mtu mwingine anayechomeka ukiwa kazini.